Paa Lililongoja Theluji

Paa hili limesimama wima mno kwa mvua zetu.
Nimelipima: digrii hamsini na mbili.
Bruda Anselimi alilichora kwa kumbukumbu
ya nyumba ya shangazi yake, shamba huko Ufaransa,
ambako theluji hulala juu ya vigae kama ng'ombe mgonjwa
na paa la kivivu huvunjika mgongo.

Hapa Kyantale, mwendo wa saa moja kutoka Masaka,
theluji haijafika.
Paa linangoja tu, mwaka wa mia na nne.

Dayosisi imenituma na futi, daftari, na swali moja:
tubomoe, au tutengeneze?
Mweka hazina amekwisha andika jibu lake kwa penseli.

Ssekimpi mlinzi hana hekima ya kunipa.
Ana funguo kumi na saba; tatu ndizo zinazofungua.
Ananitangulia ngazini, akiruka kipandio cha tisa
bila kutazama, kama mtu arukavyo jina la marehemu.
Kipandio cha tisa kimepungua nchi moja.
Bruda alisahau hesabu, au seremala alikuwa na njaa siku ile;
mvule hausemi.

Matofali ni ya udongo wa kichuguu.
Moja, chini ya dirisha la mashariki, lina unyayo wa mtoto,
vidole vitano, kidogo kimekunjwa.
Nani alimkemea? Alikuwa akimkimbiza nini
kati ya safu za matofali mabichi?
Niliweka kiganja changu pale, nikakiondoa haraka,
kana kwamba nimefungua mlango bila kubisha hodi.

Mwaka wa tisini na moja, mfadhili mmoja mwenye haraka
aliipiga nyumba lipu ya saruji, nje yote.
Tangu hapo ukuta unatoka jasho, chumvi inauota kama ukoko.
"Una pumu," akasema fundi Nakiganda,
akigonga kwa nyundo, sikio ukutani.
"Saruji ni blanketi la nailoni. Huyu alizoea chokaa."
Akabandua kipande kikubwa kama sinia,
na tofali lililokuwa nyuma yake likatoa harufu ya mvua ya zamani.

Jiko la kuotea moto halijawahi kuwashwa.
Bomba la moshi ni la nyuki; nimeandika: *waachwe*.

Na darini, karibu na kenchi ya tatu, kwa mkaa,
katika nyumba iliyosali Kilatini, ikagombana Kifaransa,
ikapika na kuzika kwa Kiganda,
mistari miwili ya Kiswahili cha askari, sabini na tisa:
*Tumelala hapa watu sita.
Asanteni kwa maharage.*
Mweka hazina anasema huo ni uchafu, upakwe rangi.
Nimeuliza: kwani unyayo wa mtoto ni nini?
Na mteremko wa Anselimi?
Kila aliyepita hapa ameacha alichokuwa nacho.

Jumanne, saa kumi, mbingu ya Buddu ikawa rangi ya sufuria.
Mvua ya mawe.
Tulikimbilia chini ya mvule wa ukumbi, mimi, Nakiganda, Ssekimpi,
tukatazama juu upande wa bawa la kusini:
vigae vikawa vyeupe,
vyeupe kabisa, hadi kwenye mgongo wa paa,
na weupe ule ukaanza kuteleza, polepole, shuka nzima,
ukaanguka bustanini kwa kishindo kimoja laini.

Dakika kumi na moja
paa lilifanya kazi liliyozaliwa nayo.
Ssekimpi alicheka mpaka funguo zikalia.

Kisha likavuja, palepale pa siku zote, mlangoni pa maktaba.
Nikasogeza ndoo.
Nikafuta penseli ya watu,
nikaandika kwa wino: vigae mia mbili na arobaini, chokaa magunia sitini,
kipandio cha tisa kisiguswe.